Khabari za Vita vya Mahameli na Kompyuta ya Binti Fundi

Jongeeni, enyi mliokaa na mliosimama, enyi mnaosinzia na mnaojifanya hamsinzii! Zimeni redio, wanyamazisheni watoto, tegeni masikio, kwa maana leo hazisimuliwi vita vya wafalme wala kuzama kwa merikebu. Hizo ni habari ndogo, kila mtu anazo. Leo inasimuliwa khabari ya binti mmoja aliyeingia dukani na baba yake, akatoka na kompyuta. Mwoga na aondoke sasa, viatu viko mlangoni.

Alikuwapo Fundi, bwana wa cherehani, mwenye futi ya kupimia shingoni na penseli sikioni, ambaye mshono wake haukuwahi kufumuka tangu ashike sindano, naye hakuacha mtu asahau hilo. Fundi huyu alikuwa na imani moja kubwa, kwamba kitu kisichofunikwa si kitu cha watu wenye heshima zao. Katika nyumba yake redio ilivaa, friji ilivaa, runinga ilivaa, na hata rimoti ilikuwa na koti lake la plastiki. Mgeni akikaa kwenye kiti muda mrefu bila kutikisika alianza kuogopa kupimwa.

Basi ikawa, ilipofika habari kwamba Binti Fundi, mwanawe wa pekee, amepata nafasi chuoni, katika mji ambao basi lake huondoka asubuhi likafika jua limeshakuwa kali, nyumba nzima ikapiga vigelegele. Fundi hakupiga kitu. Alitoka kimya, akaenda hadi kwenye duka la kuchapa barua, akaipima kompyuta ya mezani ya pale mbele ya wateja walioduwaa, akarudi na kujifungia na cherehani yake. Alipotokeza alikuwa amebeba vifuniko vya mahameli ya zambarau, mabaki ya mapazia ya ukumbi, vyenye marinda pande zote: cha kioo, cha kasha, cha kibodi, na kimoja kidogo cha kipanya, mfano wa kofia ya mtoto mchanga. Kompyuta yenyewe ilikuwa bado haijanunuliwa, wala hakuna aliyekuwa ameamua kwamba itakuwa ya mezani. Lakini nguo ilikuwa tayari, na katika nyumba ile nguo ikishakuwa tayari, mvaaji hutafutwa.

Binti Fundi, shujaa wetu, mwenye alama nzuri na subira ya kukodi, alitaka laptopu. Chumba cha hosteli alichopangiwa kilikuwa na vitanda vya kupandiana, wasichana wanne, na meza moja yenye ukubwa wa sinia. Kompyuta ya mezani ingekaa wapi, juu ya kifua cha mwenzake? Bila laptopu angeanza masomo kwa kugonga milango ya watu akiomba ya kuazima, na alijua kwamba mwanafunzi wa kuazima humaliza muhula akiwa na marafiki wachache kuliko alioanza nao.

Likaitishwa baraza sebuleni. Akainuka kwanza Mjomba Najua, kaka wa mama, bingwa wa mambo yote, yule aliyewahi kuifungua redio na kuifunga tena ikabaki na skrubu za ziada na bila sauti.

"Enyi watu wa nyumba hii!" akanena, ingawa hakuna aliyemwomba asimame. "Mimi kompyuta nimezijua kabla hazijajulikana. Laptopu ni kitu cha kupita. Ukiipakata inakuchoma, ukiiweka chini inakanyagwa, ukiisahau kwenye basi inakwenda zake bila kuaga. Ya mezani je? Mwizi akiitaka lazima aje na ndugu zake! Halafu lile joto la laptopu, nawaambieni, linakausha ubongo."

"Ubongo uko kichwani, Mjomba," akasema Binti. "Laptopu inakaa mapajani."

"Joto hupanda," akajibu Mjomba Najua, akaketi kwa madaha ya jemadari aliyeteka ngome.

Ndipo Fundi akakohoa, na baraza likatulia.

"Mwanangu," akasema, "cherehani yangu imefungwa kwa nati kwenye meza yake. Ndiyo iliyokulisha, ndiyo iliyokusomesha, na hata siku moja haijatoka nje kutembea. Mashine ya kazi inakaa, mtu ndiye anayetembea. Kwa hiyo kompyuta itakaa pale pembeni, imevaa vizuri, imetulia. Wewe kila Ijumaa unapanda basi unakuja, unafanya kazi zako za chuo, Jumapili unarudi."

"Na kazi ya Jumatatu, Baba?"

"Utaifanya Ijumaa."

"Na ikitolewa Jumatatu, inatakiwa Jumanne?"

Fundi akalitafakari jambo hilo kwa uzito wote uliostahili. "Mwambie mwalimu kompyuta iko nyumbani, imefunikwa. Mtu mzima ataelewa."

Mwalimu yupi huyo, na wa chuo gani, tarikhi za dunia hazisemi.

Binti akakimbilia jikoni akiwa amefura. Huko alikuwapo Mama, malkia wa sufuria, ambaye hakuhudhuria baraza kwa sababu mtu mmoja wa nyumba ile alipaswa kufanya kazi.

"Mama, yule hajui hata kuiwasha! Anang'ang'ania kompyuta ya nini?"

Mama akaonja mchuzi, akaongeza chumvi. "Baba yako hana haja na kompyuta," akasema. "Ana haja na Ijumaa."

Binti akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa kitambaa. Hasira ilimtoka yote, na mahali pake pakakaa kitu kibaya zaidi kuliko hasira. Alimhurumia baba yake, na bado aliihitaji laptopu.

Kulipopambazuka jeshi likatoka. Mbele alikwenda Fundi, amebeba mfuko wa plastiki ulionona, ambao yaliyomo ndani yake kila mtu aliyajua na hakuna aliyethubutu kuyataja. Kati alikwenda Binti. Nyuma alikwenda Mjomba Najua, mshauri mkuu wa vita, akiwaeleza wapita njia wanakokwenda.

Dukani wakapokewa na Muuzaji, mwenye tai shingoni na maneno ya kukariri mdomoni. Akasifu kasi, akasifu kumbukumbu, akasifu betri inayodumu kutwa nzima, akataja tarakimu nyingi, na Mjomba Najua akatikisa kichwa kwa kila moja, kuonyesha kwamba walishakutana.

"Ina uzito gani?" akauliza Fundi.

"Ni nyepesi sana, mzee! Ndio uzuri wake."

Fundi akaiinua laptopu kwa vidole viwili, akairudisha mezani polepole, kwa huruma, kama mtu anayerudisha kitambaa chepesi alichouziwa kwa jina la kizito. Kisha akalikumbatia kasha la kompyuta ya mezani, akaguna, uso ukamng'aa.

"Hiki ndicho kitu," akasema, akafungua mfuko.

Enyi wasikilizaji, kuna mambo ambayo ulimi unasita kuyataja! Mahameli ya zambarau yakatoka, yakatandazwa juu ya kioo, yakashuka, yakakaa. Hayakuzidi wala hayakupungua. Marinda yakatulia juu ya meza ya duka utadhani yalikatwa na aliyeiunda kompyuta. Wateja wakaacha waliyokuwa wakiyafanya. Muuzaji, aliyefundishwa kushangilia kila kitu kinachoingia dukani, akashangaa kwa mara ya kwanza bila kuagizwa na bosi.

"Jamani, imeikaa!" akasema mama mmoja aliyekuja kununua kalamu.

Jeshi la Binti, ambalo lilikuwa na mtu mmoja, likarudi nyuma hadi kwenye rafu ya chaja. Alitaka kulia, alitaka kupiga kelele, alitaka kuuvuta ule mfuko na kuutupa barabarani. Akamtazama baba yake akilainisha mkunjo mmoja wa mahameli kwa kidole gumba, taratibu, vilevile alivyokuwa akimlainishia yeye kola ya sare kabla hajatoka kwenda shule. Mtu wa namna hiyo hashindwi kwa kelele.

Ndipo likatendeka tendo lililotulazimisha kukusanyika hapa. Binti Fundi akasogea, akanyoosha mkono, akaitoa futi shingoni mwa Fundi. Mjomba Najua akafunga mdomo, jambo ambalo peke yake lingetosha kuandikwa. Binti akailaza futi juu ya laptopu, akapima upana, akapima urefu, akapima unene.

"Baba," akasema, "nimeleta kazi."

"Kazi gani?"

"Mkoba wa hii. Wa mahameli. Wenye mfuko wa chaja kwa nje."

Fundi hakukusudia kujibu. Lakini alikuwa hajawahi kumfukuza mteja, na mdomo wa fundi hufanya kazi hata mwenyewe akiwa amenuna. Penseli ikashuka sikioni.

"Upana?"

Binti akautaja. Fundi akaandika kiganjani.

"Na nafasi ya mshono, au bila?"

"Pamoja na nafasi ya mshono."

"Marinda?"

Binti akafumba macho. Akawaona wenzake wa hosteli, akasikia vicheko vyao kabla hawajacheka. Mashujaa wengi wametoa damu; ni wachache waliotoa hiki.

"Weka marinda, Baba."

"Mkanda je? Urefu gani?"

"Wa kunifikisha hosteli," akasema Binti, "na wa kunirudisha Ijumaa."

Fundi akatafuta kitu cha kutazama, akaipata feni ya darini. Akaitazama sana.

"Si kila Ijumaa," akasema mwishowe. "Utachoka."

"Zile nitakazoweza."

"Haya." Akamgeukia Muuzaji. "Mpe hiyo. Ila kama unayo yenye uzito uzito kidogo, tafuta."

"Ndicho nilichokuwa nikisema tangu jana," akanena Mjomba Najua.

Mahameli yakafumuliwa, yakakatwa upya, na Binti Fundi akaingia hosteli na mkoba wa zambarau uliotanda marinda kama bibi harusi. Walicheka, ndiyo, walicheka mpaka jioni. Naye akaifungua laptopu juu ya kitanda chake cha juu, akafanya kazi iliyotolewa Jumatatu, akaikabidhi Jumanne, bila kugonga mlango wa mtu.

Alhamisi mfuko wa chaja ukafumuka. Binti akashangaa, maana mshono wa baba yake haujawahi kufumuka. Akaupindua, akaona. Mkoba mzima ulikuwa umeshonwa kwa cherehani, imara kama ukuta, ila ule mfuko ulikuwa umeshikizwa tu kwa uzi mweupe, ule mshono mrefu wa muda ambao fundi huupiga kabla ya kushona kwenyewe. Akacheka peke yake, kisha akajifuta macho.

Ijumaa akashuka kwenye basi, akamkuta Fundi mlangoni, ambaye alikuwa amepita hapo kwa bahati tangu mchana.

"Umefumuka," akasema Binti, akimkabidhi mkoba.

Fundi akauchunguza kwa mshangao mkubwa wa mtu asiyejua kuigiza. "Ajabu hii! Nyuzi za siku hizi."

"Nyuzi za siku hizi, Baba. Nishonee tena. Shona vilevile."

Basi waandishi wa khabari za wafalme na wasogeze vitabu vyao pembeni kidogo, wapishe mkoba upite, na marinda yake.