Kulia na Kushoto kwa Mama Dufie

Sogeeni, nyinyi mlioketi mbali, msikie habari za Dufie binti Ampofo, mshonaji wa Kumasi, mtiisha lesi, kitisho cha vitambaa visivyonyooka! Asubuhi moja, akikata gauni la bibi harusi nyuma ya pazia lake, kama alivyokata kila asubuhi kwa miaka thelathini, moyo wake uliweka silaha chini, naye akaanguka juu ya kitambaa.

Siku ya tatu alilala juu ya meza nyembamba ya hospitali, macho wazi, ili atiwe chini ya ngozi ya kifua kidude kidogo kama kifuniko cha chupa, chenye kuuamuru moyo mvivu upige.

"Mama, unatumia zaidi mkono gani?" aliuliza Daktari Ofosuhene. "Tunakiweka upande wa pili, na bega la upande huo halitainuliwa wiki sita."

"Wa kulia, mwanangu. Mimi nilifunzwa adabu."

Uongo mkubwa! Shujaa wetu alikuwa wa kushoto tangu tumboni; ila kwa kuwa kwetu kumpa mtu kitu au kukipokea kwa kushoto ni kumtukana, aliuficha mkono huo nyuma ya pazia, hata mumewe Agyei asiujue. Sasa dawa ikapakwa kifuani kushoto, baridi kama tangazo la vita, na harusi ilikuwa wiki tatu mbele, na gauni bado halijatiwa mikono.

Sindano ya ganzi ikainuliwa. Ndipo sauti ikapasua chumba.

"Ngoja! Geukeni ukutani, wote!"

"Mama, tukigeuka tutakupasuaje?" muuguzi Serwaa akacheka.

"Geukeni!"

Jeshi zima la mavazi ya kijani likageuka.

"Nakata kwa kushoto. Lakini kula nakula kwa kulia, msije mkanizushia!"

"Na ile saini nzuri ya kulia kwenye fomu yetu?" daktari akauuliza ukuta.

"Nilichapwa mpaka ikanyooka."

Basi kidude kikasimikwa kulia, moyo ukarudi zamu, mapigo sitini kwa dakika, na siku hiyo iandikwe kuwa siku ambayo bega moja liliokoa harusi nzima.

Alasiri Agyei akaingia na bakuli la supu. Mkono wa kulia umefungwa. Dufie akalipokea kwa kushoto, macho chini kwa aibu.

Agyei akaketi. "Dufie, hujawahi kujiuliza kwa nini nakohoa kabla ya kufungua pazia lako?"

"Si una kifua kibaya?"

"Kifua changu kizima, mke wangu. Nilikuwa nakupa nafasi uhamishe mkasi."