Kombe Lililokwenda Ruiru

Jumapili, 8 Februari 1959

Tumefungwa. Nne kwa moja, jana, kule Ruiru, mbele ya macho yangu. Chania Stars, timu ya Thika, timu ya damu yangu! Musau, kapteni wetu, alipewa penalti akaupiga mpira ukaingia shamba la kahawa. Haujaonekana mpaka sasa.

Leo baada ya kanisa nimenyatia mpaka hoteli ya Waceke ninywe chai kwa amani. Bure! Wainaina alikuwa amekalia benchi la mlangoni. Huyu Wainaina ni kinyozi hapa Thika, karibu na stesheni, lakini kwao ni Ruiru, na Ruiru ndiyo dini yake. Alinikaribisha vizuri mno. Akaagiza chai yangu itiwe sukari nyingi, eti mfiwa hapewi chai chungu. Hoteli nzima ikacheka. Hata Waceke, anayeishi Thika na kula jasho la Thika!

Hapo akili yangu ikaamka. Nikasimama. Nikawaeleza kwamba ligi haijaanza, kwamba ule ulikuwa mchezo wa kirafiki, na mchezo wa kirafiki hauhesabiwi. Ni kama kuonja mchuzi: mtu hawezi kusema amekula. Watu wa Thika wakapiga meza. Mzee mmoja akasema maneno hayo yangefaa mimbarini. Wainaina akainamia kikombe chake. Wainaina!

Nimerudi nyumbani nikitembea kama chifu. Syombua, mke wangu, ameuliza mbona nafurahi na tumefungwa. Nimemwambia wanawake hawaelewi mpira. Amesema yeye anaelewa nne.

Jumatatu, 9 Februari

Kutwa nzima kiwandani nimemenya mananasi nikiwaza. Vidole vinawasha, kichwa kinawaka. Jioni nimemshawishi Musau tuwaite Ruiru kwa marudiano, Jumamosi, uwanjani kwetu. Amekubali. Tutawafunga, na mdomo wa Wainaina utajifunga wenyewe.

Nimekimbia kumtangazia, akiwa katikati ya kumnyoa mtu. Hakutikisika. Akasema vizuri sana, Ruiru watakuja, tena kwa furaha.

"Lakini, Kaleli," akasema, "mkishinda nani atahesabu? Si ulisema kuonja mchuzi si kula?"

Mteja wake, kichwa nusu nywele nusu ngozi, alicheka mpaka wembe ukasimamishwa.

Nimenaswa na mtego niliotega mwenyewe. Chakula kimenishinda. (Nimekula kidogo. Ilikuwa muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, chakula cha kwetu.)

Jumatano, 11 Februari

Nimepata! Mchezo wenye kombe si wa kirafiki tena. Mchezo wenye kombe unahesabiwa hata mbinguni.

Kombe litatoka wapi? Kwa Nzau! Nzau ni mtu wa kwetu, mpishi wa mzungu mmoja mwenye shamba upande wa Mugutha. Kabatini mwa huyo bwana mna kombe la fedha lenye masikio mawili, zuri ajabu. Bwana na memsahibu wako Mombasa wanaoga bahari, hawarudi mpaka mwisho wa mwezi. Kombe linafanya nini siku zote hizo? Linakusanya vumbi. Ni dhambi.

Nzau alikataa. Akasema atafukuzwa kazi, pengine afungwe jela. Nikamwambia hatuibi, tunaazima. Chania watashinda, kombe litalala kwangu usiku mmoja, kesho yake liko kabatini. Akakataa tena. Nikamwambia yeye ndiye atakayelikabidhi, mbele ya umati, amevaa kanzu yake nyeupe na ule mkanda mwekundu. Akauliza kama kutakuwa na nafasi ya hotuba.

Nilimwuliza yale maandishi ya ubavuni yanasema nini. Kiingereza changu kiliishia darasa la nne, na chake hakijawahi kutoka jikoni. Akasema ni mambo ya ukulima. Basi! Heshima tupu.

Ijumaa, 13 Februari

Nimetangaza kwa Waceke, nimesimama juu ya benchi. Kombe la fedha! Wainaina alitaka kujua limetoka wapi. Nikasema kwa wahisani. Nikamtaka aseme mbele ya mashahidi kwamba mchezo wa kesho unahesabiwa, na mshindi atachukua kombe bila maneno. Akasema. Nikamlazimisha arudie, na mimi mwenyewe nikaapa vivyo hivyo, mkono juu. Kidole changu kiligusa bati la dari. Naenda kulala nikitabasamu, asema Syombua.

Jumamosi, 14 Februari

Ee Mungu wangu.

Nianze na mazuri. Kanzu ya Nzau ilipendeza sana. Hotuba yake ilikuwa ndefu, ikagusa kilimo bora, usafi wa vyombo na faida ya kuchemsha maji. Watu walipiga makofi ili anyamaze.

Sasa mabaya. Tumefungwa mbili bila. Goli la kwanza lilitokana na kona. La pili alifunga Musau, kapteni wetu, kwa kichwa, kwa nguvu, golini kwetu. Goli safi! Angekuwa amelifunga upande wa pili tungelizungumzia mpaka Krismasi.

Ilipofika saa ya kukabidhi kombe Nzau aling'ang'ania masikio. Kapteni wa Ruiru akavuta, Nzau akavuta. Umati ukadhani ni utani. Kisha likamponyoka, na Nzau akaketi kwenye nyasi na kanzu yake nyeupe. Nililiona kombe likienda stesheni juu ya mabega ya watu, Wainaina mbele akiimba Kikuyu. Sikuelewa maneno yote. Jina langu nililielewa.

Jumapili, 15 Februari

Nzau amekuja kabla ya kanisa, macho mekundu. Memsahibu ameungua jua Mombasa! Nyapara wa shamba ameambiwa nyumba ifunguliwe na vitanda vitandikwe. Wanarudi Jumanne jioni. Nzau ana watoto watatu, mmoja ndio kwanza ameanza shule. Hakunitukana. Alikaa tu kwenye kigoda changu akitazama mikono yake, na hilo lilinichoma kuliko matusi. Syombua alimpa uji. Mimi hakunipa.

Nimempelekea Wainaina ujumbe kwamba kombe linatakiwa Thika kwa kung'arishwa. Jibu limekuja kwamba Ruiru kuna majivu ya kutosha.

Jumatatu, 16 Februari

Kiwandani nimesema nina jino. Nimepanda gari la moshi mpaka Ruiru.

Ajabu ya kwanza: Wainaina alikuwa nyumbani kwake, hakwenda kazini. Ajabu ya pili: hakucheka aliponiona. Alikaa kama mtu aliyetoka kumzika shangazi. Kombe halikuwa mezani. Nilikwisha tunga njia nzima: ningesema kombe lina ufa, ningesema mfadhili amefariki, ningelia ikibidi. Lakini nilimkumbuka Nzau na kigoda, ulimi ukateleza, nikasema kweli yote. Nikamwomba. Nikasema atake chochote. Nikamwambia niko tayari kusimama kwa Waceke mbele ya watu na kukiri kwamba Ruiru ni baba zetu wa mpira.

Kitu fulani kikapita usoni mwake, kama jua likitoka kwenye wingu.

"Mbele ya watu wote?" akauliza.

Nikasema wote.

"Na ile ya nne kwa moja, nayo utasema inahesabiwa?"

Nikasema inahesabiwa.

Akanipa mkono upesi sana. Akasema yeye si mtu mbaya, kazi ya watu si mchezo, kombe atakuja nalo kesho mwenyewe. Nimerudi nikimwona Wainaina ana utu, kumbe. Nilikuwa nimemdhania vibaya miaka yote hii.

Jumanne, 17 Februari

Saa ya chakula hoteli ilijaa mpaka nje. Nani aliwaita? Wainaina aliingia na kombe ndani ya gunia, akaliweka chini ya benchi, akakunja mikono.

Nikasimama. Nikasema Ruiru ni baba zetu. Wakasema hawasikii. Nikasema tena. Nikasema mchezo wa kirafiki unahesabiwa, na mwenye kuonja mchuzi amekula. Yule mzee wa mimbari akatikisa kichwa akatoka. Musau alinitazama kama mimi ndiye niliyejifunga goli! Wainaina akanikabidhi gunia, akanipiga bega, akaenda zake akipiga mluzi.

Nzau alikuwa nyuma ya jiko na baisikeli. Alilifungua gunia, akalipangusa kombe kwa mkono wa shati, akalifunga nyuma ya baisikeli kama mtoto mgonjwa. Amefika kabla ya Bwana. Jioni amenitumia habari. Ashukuriwe Mungu.

Ningeishia hapo ningelala vizuri. Lakini Waceke alikuja kufuta meza yangu huku mabega yanamtetemeka. Dada yake ameolewa Ruiru. Jumapili, asema, walilipeleka kombe kanisani libarikiwe. Mwalimu wa shule akavaa miwani akawasomea maandishi kwa sauti: Nguruwe Dume Bora wa Wilaya. Kanisa zima! Tangu hapo Wainaina alijificha ndani mpaka leo, maana akitoka watoto humfuata wakikoroma kama nguruwe. Jumatatu usiku alikuwa amepanga kulirudisha mwenyewe, kimyakimya, alitupe mlangoni kwangu.

Nikamwuliza Waceke mbona hakuniambia kabla sijasimama.

Amesema alitaka kwanza kuisikia hotuba.

Ijumaa, 27 Februari

Kesho ligi inaanza, na wa kwanza ni Ruiru, hapa hapa Thika. Siku hizi zote sijafika kwa Waceke. Nimetafakari sana. Syombua amesema anatumaini nimejifunza kitu, nami nimemwambia ndiyo, nimejifunza: kosa lilikuwa kombe. Kombe ni chuma tu. Mpira huchezwa na watu.

Basi nimeshughulikia watu. Kipa wa Ruiru anaitwa Kiilu, kijana wa Machakos, mrefu kama mlingoti, mikono kama karai. Nilimpelekea habari kwamba hapa kiwandani kuna kazi ya usimamizi, nyumba juu yao, aje mara moja. Msimamizi mwenyewe sijamwambia bado. Nafasi sijui kama ipo. Lakini itapatikana, dunia ni kuongea.

Amefika leo mchana. Ana mke, na mama mkwe, na kitanda cha vyuma, na mbuzi anayenyonyesha. Wote wamekaa barazani kwangu wakinywa uji, wakiniita bwana mkubwa. Syombua amenivuta jikoni akauliza kwa sauti ndogo, ile mbaya, watalala wapi hawa.

Nimemwambia asinichoshe na mambo madogo. Kesho Ruiru hawana kipa!