Posa ya Kutafuna Mara Thelathini

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeposa! Jibu bado.

Zuwena, anayeuza chakula mkabala na kibanda changu cha cherehani hapa Dunda, hakunikataa. Ana sharti tu. Si mahari, si nyumba. Anataka nijifunze kula taratibu! Marehemu mumewe alikuwa anakula kama mtu anayefukuzwa, presha na sukari zikamwondoa ana miaka arobaini na sita. Zuwena kasema hakai eda mara ya pili kwa sababu ya wali. Akanitazama tumbo. Nikalivuta ndani. Halikuja lote.

Nesi wa kliniki alimfundisha: simu weka pembeni, kitazame chakula, kinuse, tafuna mara thelathini, lisikilize tumbo. Mchana nitakula kwake, anione. Jumapili nikale kwa kaka yake, Bwana Twalha, na jibu nitapewa huko huko.

Nina miaka hamsini na mbili. Mwaka wa tisa huu nakula peke yangu, mara nyingi nimesimama. Namtaka Zuwena. Nitatafuna hata mara mia.

Jumanne, 12 Agosti

Nimeaibika. Tonge la kwanza nilihesabu mpaka nane, likashuka lenyewe. La pili, tano. Zuwena akaniuliza nimesikia ladha gani. Nikamjibu kwa kujiamini, ya chapati.

Ulikuwa muhogo.

Msabaha, fundi viatu wa kibanda cha jirani, alicheka mpaka akajigonga kidole kwa nyundo. Mwembamba kama uzi, anakula kila kitu, hanenepi. Mungu anisamehe, lakini kile kidole kilinifariji.

Jumatano, 13 Agosti

Nimepata hila! Mwenye njaa hana subira, aliyeshiba anayo. Basi saa tano nilipita kwa Mwanamkasi, muuza wali wa nyuma ya soko, nikala wali samaki sahani mbili. Saa saba nikaketi kwa Zuwena nimetulia kama shehe. Thelathini kila tonge! Moja nilifikisha thelathini na nne. Nikafumba macho nionekane nasikiliza tumbo. Kwa kweli nilisinzia kidogo.

Zuwena akasema, "Mashallah, Sadallah." Sijalisikia jina langu likitamkwa hivyo tangu zamani.

Alhamisi, 14 Agosti

Hila inaendelea vizuri. Suruali ndiyo haiendelei. Nimejiongezea kipande kiunoni, usiku wa jana nilikishona kwa kitambaa cha sare ya shule. Msabaha kaniuliza mtu anayekula kidogo hivyo ananenepaje. Nikamwambia ni hewa. Yule bwana ana macho marefu sana kwa mtu wa viatu.

Ijumaa, 15 Agosti

Siku mbaya! Natoka msikitini nakwenda kwa Mwanamkasi, kumefungwa. Kaenda kwenye harusi Ubena. Harusi! Watu hawafikirii wenzao.

Nikafika kwa Zuwena na njaa ya kweli. Akaniwekea wali na samaki wa kupaka. Akaketi mbele yangu, hakuna pa kukimbilia. Nikala tonge moja. Nikasahau kuhesabu. Sijui kilichonipata. Nazi niliisikia, na tangawizi, na moshi wa mkaa, kisha uchachu unaokuja nyuma, wa taratibu. Maneno yakanitoka kabla ya akili. Nikamwambia leo hukutia ndimu, umetia ukwaju.

Zuwena akabaki na upawa mkononi. Akasema anatia ukwaju tangu Jumatatu, ndimu zimepanda bei, na hakuna mteja aliyeona tofauti. Marehemu, miaka kumi na moja ya ndoa, kila chakula alikisifia kwa neno moja: kitamu. Macho yangu yakajaa maji. Nikasingizia pilipili.

Nikashiba sahani haijaisha. Sijawahi! Nimeharibu kila kitu. Sikuhesabu hata tonge moja.

Jumamosi, 16 Agosti

Mwanamkasi karudi. Sahani tatu, kufidia jana.

Jumapili, 17 Agosti

Niandike kwa utaratibu.

Kwa Bwana Twalha tuliwekewa sinia la pilau, yeye na mimi. Nikaanza kazi yangu. Thelathini. Thelathini. Thelathini. Nilichosahau ni adabu za watu wa hapa: mwenyeji haachi kula kabla ya mgeni. Mzee wa watu alishiba robo saa ya kwanza. Ikabidi aendelee, punje moja moja, akinitabasamia. Na kule ndani, kila wakichungulia wanaona mgeni bado anakula, basi ana njaa maskini, wanaongeza. Sinia likajazwa mara ya pili. Likajazwa mara ya tatu! Na mimi siwezi kuacha, maana jicho la Zuwena liko nyuma ya pazia.

Ikaadhiniwa alasiri, bado tunatafuna. Bwana Twalha, jasho linamtoka, akaniuliza kwa upole nyumbani kwetu tulikuwa wangapi kwenye sinia. Nikaona ananipenda, anataka kujua ukoo.

Mwishowe Zuwena akatoka, akalibeba sinia, akasema alhamdulillahi kwa niaba yangu, akatunawisha mikono. Kisha akamweleza kaka yake yote. Mwanamkasi ni binti wa shangazi yao! Sahani zangu zote Zuwena alizijua tangu Jumatano. Nikatafuta pa kujificha. Hapakuwepo.

Akasema, "Kaka, huyu ni mwongo wa sahani. Lakini Ijumaa aliusikia ukwaju. Mwanamume anayeusikia ukwaju, nikimfundisha, na mimi atanisikia."

Bwana Twalha akasema amekubali, ila siku ya harusi tusiketi sinia moja.

Nimekubaliwa! Nililia mbele ya shemeji, bila pilipili ya kusingizia.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimelala, nimeamka, nimetafakari. Sasa naona wazi kilichonipatia mke: ni ile hila yangu. Kosa langu lilikuwa moja tu, kuchagua kibanda cha ndugu yake. Maneno ya ukwaju Zuwena kayasema kunisitiri mbele ya kaka yake.

Kwa hiyo naanzisha darasa. Kula kwa Utulivu, la wanaume wa Dunda, kila Jumamosi, mwalimu Fundi Sadallah. Nimeshaandika tangazo la kubandika kibandani. Zuwena kalisoma, akacheka mpaka akashika mlango, akaniletea chai na vitumbua vinne, akaniomba nivile kwa makini kwa ajili yake. Nikamuahidi. Nikaendelea kuandika haya.

Sasa nainua macho. Sahani tupu! Msabaha kanilia vitumbua vyangu vyote vinne! Anakana, ananionyesha mikono yake ina gundi. Mdomoni nina ladha ya sukari na nazi, lakini huo si ushahidi.