Malalamiko ya Massoudi Kuhusu Kioo Kinachonyooshwa Dirishani

Gihosha, Bujumbura
4 Agosti 1969

Kwa Mzee Sleiman, nyumbani kwake Kigobe.

Assalaam alaykum, Mzee wangu. Nikikuombea afya wewe na jamaa wote, mimi Massoudi, fundi wa mashine za sinema, naleta malalamiko mazito dhidi ya mke wako, Mama Thuwaiba.

Unakumbuka mjomba wangu alikuja kuniposea Ghanima, ukamjibu kwamba binti ataulizwa mwenyewe. Nikaona heri nimuulize mimi kwanza. Kuja kusimama mbele yako nilishindwa, maana ukinitazama tu magoti yangu yanalegea. Ndiyo sababu nilipotengeneza redio yenu nilikataa malipo. Redio ile sasa inapokea mwanga: nimeitia jicho la mashine ya sinema, linalogeuza mwanga kuwa sauti.

1. Kila magharibi natuma sauti yangu kwa taa, kutoka huku mlimani hadi dirishani kwenu. Mbele ya taa nimeweka kioo cha miwani ya jua, kinachopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu. Kisha kipande cha rula ya plastiki, nilichokigundisha kwenye spika. Nikisema, plastiki inabanwa, na sehemu moja ya mwanga inachelewa kidogo nyuma ya mwenzake. Maneno yangu yote yamo katika kuchelewa huko, na kuchelewa ndicho kipaji changu. Kioo cha pili, kilichoko kwenye redio yenu hapo dirishani, ndicho kinachoyafichua, ila lazima kikae kimeinama. Niliwaonya wote. Lakini Mama Thuwaiba hawezi kuvumilia kitu kilichoinama, basi anakinyoosha! Kikinyooka, mwanga unafika vizuri sana, maneno hayafiki.

2. Mara ngapi nimeshuka kukirekebisha, nikisingizia redio? Nanyweshwa kahawa, nasifiwa kwa kazi safi, na nikirudi tena nakikuta kimesimama wima kama askari.

3. Jana nilisema kila kitu: kwamba nampenda, kwamba chumba cha pili nitakipaka chokaa, kwamba nitaacha kufungua mashine mezani pa chakula. Nikamwomba, akikubali, afunge dirisha. Dirisha likabaki wazi. Mzee, roho iliniuma. Sijui kama nimekataliwa au sijasikika. Ukumbi mzima wa sinema unasikia kwa mikono yangu, na mimi nashindwa kufikisha neno kwa mtu mmoja.

4. Kwa hiyo naomba Mama Thuwaiba azuiwe kufuta vumbi upande wa dirisha. Akikataa, picha zote za ukutani ziinamishwe ili macho yake yazoee. Ikishindikana, nyumba nzima iinamishwe kidogo. Fundi mwashi ninaye.

Wasalimie wote, hata Mama, ambaye sina kinyongo naye.

Mimi mtoto wako, ukipenda,
Massoudi

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, shangazi yangu Mwanvua, niliyemsimulia malalamiko haya, amerudi kutoka kwenu na maneno ya Ghanima, nayaandika kama yalivyo: «Mama apana. Ni mi nanyoroshaka ile kioo. Siku ya kwanza tulimusikia muzuri, nyumba yote, na baba aliacha kukula. Nilisikia haya! Mutu anataka kuoa, aje na miguu. Jibu iko, lakini haitapita mu redio.»

Basi malalamiko yote nayafuta. Mama Thuwaiba anisamehe. Kesho baada ya Alasiri nitashuka, na magoti nitakuja nayo kama yalivyo. Naomba tu, Mzee, usinitazame sana.