Mashine Inasikia Baridi

Jumatatu, 3 Agosti
Umepotea wewe! Mjukuu gani hakanyagi kwa bibi yake miezi saba? Shule mimi sikuiona hata kwa dirisha. Herufi ulinifundisha wewe, hapa hapa mezani, na daftari hili ukaninunulia wewe. Haya, leo nazitumia kukusema. Ukija usome zote, usiruke.

Habari ni hii. Bibi yako mwingine, mama wa baba yako, yule Miwani, kanipigia simu kunijulisha kwamba likizo hii utakaa kwake. Kwake! Nikamwambia tumalizane kwenye ile gemu yetu ya malori. Jumamosi saa nne asubuhi, kila mtu na kompyuta yake nyumbani kwake. Mshindi anakupata wiki zote tatu. Kakubali haraka mno. Sikupenda alivyokubali.

Godoro lako nimelianika tayari.

Jumanne, 4 Agosti
Kompyuta uliyoniachia imezeeka kuliko mimi. Nikamwita fundi Kipara. Kafungua tumbo la mashine, katoa kadi ya picha ya zamani, kapachika mpya yenye feni mbili. Simu yake ikalia, akaondoka mbio, kasema atarudi kumalizia. Amalizie nini tena? Nimeiona imekaa.

Nimewasha. Balaa! Zamani lori lilikwenda kama mzee. Sasa linakwenda, linasimama, linaruka kama chura. Nimegonga ng'ombe wawili wa kwenye gemu ambao sikuwaona wakija.

Jumatano, 5 Agosti
Nimempigia Kipara. Kasema gemu inaganda kwa sababu kadi mpya haina dereva.

Haina dereva! Na mimi nani? Nimeendesha lori hilo miaka minne, mlima na bonde. Nikamwambia ajifunze adabu kwanza, muda anao, nywele za kukata hana. Nikakata simu.

Lakini la kuganda kasema kweli. Mashine iko chini ya dirisha, upepo wote unaipiga mgongoni. Na wewe ungeganda. Nimeifunika blanketi langu zito, nikalichomeka pande zote. Maskini, muda wote huo inatetemeka na mimi nailaumu.

Alhamisi, 6 Agosti
Hali mbaya zaidi. Feni zinalia kama birika linalochemka, lori halitoki hata geti. Nikaongeza mto.

Kipara kaja bila kuitwa, mtoto wa watu, hana kinyongo. Kaona blanketi, kashika kichwa. Kaniambia bibi, umeipika! Eti kuganda ni kukwama tu, baridi haihusiki, mashine yenyewe inataka hewa. Na dereva ni programu ya kuiongoza ile kadi, hakunitukana mimi. Kaiweka, dakika kumi tu. Lori sasa linateleza kama sabuni! Nimemkumbatia mpaka kaomba pumzi, nikamlisha mpaka kakataa.

Kaniapisha: blanketi, marufuku.

Ijumaa, 7 Agosti
Nimepata akili. Blanketi lile lile nimelikunja vizuri, nimempelekea Miwani mwenyewe. Nikamwambia mkwe mwenzangu, baridi hii mashine zinaganda, ifunike yako na uchomeke pande zote. Kalipokea kwa mikono miwili, kaniita dada, kanisindikiza hadi barabarani na miguu yake ile mibovu. Nusura nimwonee huruma. Nusura.

Jumamosi, 8 Agosti
Asubuhi kulikuwa na upepo. Nikaiangalia mashine yangu imekaa uchi. Kipara alikataza blanketi. Shali hakulitaja.

Saa nne tukaanza. Nikampita darajani. Nikampita mlimani, nikamwambia kwenye simu ale vumbi. Imebaki kona moja, lori likaruka kama chura. Likasimama. Likaganda! Miwani kanipita taratibu anapiga honi. Honi tatu!

Nikamuuliza, na blanketi je? Kasema Mungu anibariki, kalifunga magotini, leo kwa mara ya kwanza kacheza bila maumivu. Nikauliza, na mashine? Kacheka mpaka nikasikia miwani ikianguka. Kaniuliza nani mwenye akili anafunika mashine.

Jumapili, 9 Agosti
Nimelia kidogo, nimemaliza. Nimewaza, kosa nimeliona. Shali lilikuwa fupi. Nyuma palibaki wazi, baridi ikaingilia hapo hapo.

Nimeanza kuifumia sweta. Nzito, yenye kola. Miwani kakubali turudiane kugombea likizo ya Desemba, na safari hii pia kakubali haraka.

Sasa nisikilize, maana daftari hili nakutumia ulisome kabla hujaja. Siku utakayoondoka kwa Miwani, usiende moja kwa moja kituoni. Pita hapa kwanza, hata umechelewa. Godoro lako sijalikunja. Uje na mabonge mawili ya nyuzi za sufu ya buluu, sweta imeishia mabegani. Na Kipara ukikutana naye njiani, msalimie tu, usimwambie kitu.