Mstari Wangu wa Kuzuia Korongo

Jumatatu, 9 Machi 2026

Mvua tena. Korongo limekula choo cha Constant, jirani yangu wa ng'ambo. Choo kizima! Jioni kilikuwepo, asubuhi hakipo. Sikuthubutu kwenda kutoa pole. Nilichungulia tu, nimeshika mlango. Korongo hilo liko katikati yetu. Mwaka jana lilimeza mpaka wetu wa zamani, na tangu hapo tunagombana ni ardhi ya nani iliyoliwa zaidi. Zamani hapa Ngezi, mtaa wetu wa Bunia, mvua ilikuwa na adabu, ilijua miezi yake. Siku hizi inakuja kama imetumwa. Usiku nasikia udongo ukiporomoka nyuma ya migomba, na mimi, Katsuva, baba wa familia, najifunika blanketi hadi utosini.

Lakini nimeona mlango wa kutokea. Mtaalamu kutoka Niger, Bwana Ousseini, yuko Bunia kutufundisha kushika udongo na maji. Kisha mmoja wetu atapelekwa kwao, awafundishe tunavyofunika shamba kwa majani ya migomba. Nchi zenye shida moja zinafundishana. Jambo zuri sana! Niger ni mchanga tambarare, hakuna korongo. Nitalala usingizi. Nimejiandikisha, nikasema kiwanja changu tayari kina mstari wa miti ya kuzuia udongo. Atakuja kuuona Jumamosi.

Mstari haupo. Constant naye amejiandikisha.

Jumatano, 11 Machi

Mafunzo kando ya korongo, mbali kidogo na kwetu. Bwana Ousseini alifunga vijiti vitatu kama herufi A, akaning'iniza jiwe kwa kamba, akatuonyesha jinsi ya kutafuta usawa wa ardhi. Miti ipandwe pale pale ukingoni, akasema, ndipo udongo unapohitaji kushikwa. Akaniita nishike mguu mmoja wa kifaa hicho, ule wa ukingoni. Ukingoni! Kibonge cha udongo kikadondoka chini ya kiatu changu. Nikamkumbatia Bwana Ousseini kiunoni mbele ya watu wote. Constant alicheka hadi akakaa chini.

Kuficha aibu, nikamuuliza mgeni mtu wa jangwani anajua nini kuhusu mafuriko. Akajibu kwa upole kwamba kwao mvua ni adimu, ila ikija inakuja yote kwa pamoja, na ardhi iliyokauka haiinywi. Nyumba ya dada yake ilikwenda hivyo. Dada yake alikuwemo.

Nilirudi nyumbani kwa njia iliyo mbali na ukingo. Basi hata Niger! Lakini Constant akienda badala yangu nitakufa kwa wivu, na kifo cha wivu ni cha polepole.

Ijumaa, 13 Machi

Nimepata akili. Kuna mti mmoja ambao ukichomeka tawi lake popote, linashika. Nikakata matawi mzigo mzima nyuma ya kanisa, nikayapanda mstari ulionyooka vizuri. Siyo ukingoni. Mimi siyo mwendawazimu. Nimeyapanda katikati ya kiwanja, karibu na jiko, ambapo ardhi haitetemeki. Waliosema kwa mwoga huenda kicheko walinifikiria mimi.

Solange, mke wangu, alitoka jikoni, akatazama, akaanza kuniambia kitu kuhusu mti huo. Nikamwambia yeye hakufuata mafunzo.

Jumamosi, 14 Machi

Siku mbaya.

Bwana Ousseini alisifu mstari, ila akauliza mbona uko mbali na ukingo. Nikasema ni mbinu ya kisasa. Constant aliutazama mwanzo hadi mwisho. Kisha akaondoka mbio, akarudi na shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, na wazee wawili waliovaa makoti.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kwetu, watu wawili wakimaliza ugomvi wa ardhi, hupanda mti huo mbele ya mashahidi, na palipopandwa ndipo mpaka ulipo. Kila mtoto anajua. Mimi pia najua! Woga ulinisahaulisha.

Shefu akaniuliza: "Katsuva, hii miti ni weye ulipanda?"

Nikikataa, mbele ya mgeni mimi ni mwongo, Niger imekwenda. Nikikubali, ardhi yote kutoka jikoni hadi korongoni imekwenda. Constant alinitazama. Solange alinitazama.

"Ndiyo, ni miye," nikasema.

Wazee wakatikisa vichwa kukubali, shefu akampa Constant mkono. Bwana Ousseini, akidhani ni sherehe ya miti, akapiga makofi.

Jumapili, 15 Machi

Solange hasemi nami. Neno moja tu tangu jana, au tuseme maneno manane: "Korongo halijue mpaka. Watoto watalala wapi, baba Gracia?" Mvua ilipiga usiku kucha, ukingo umesogea tena.

Constant alikuwa huko tangu alfajiri, kwenye ardhi yake mpya, na vijiti vyake na jiwe lake, akipanda nyasi ukingoni kama alivyofundishwa. Kutoka huko analinda jiko langu! Bwana Ousseini alimwona. Constant ndiye atakayekwenda Niger.

Jioni alikuja kuniomba nimwangalizie nyasi zake akiwa safarini. Ziwe zinapaliliwa, zisiliwe na mbuzi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, sisi ni majirani. Alinishika mkono kwa mikono miwili, maskini.

Atakuwa mbali mwezi mzima. Matawi yale bado hayajatoa mizizi, nimejaribu moja, limeng'oka bila kelele. Nitayahamisha kidogo kidogo, kila siku hatua moja, hadi ng'ambo ya korongo, karibu na jiko lake. Nyasi sitakwenda kuzitazama. Ziko ukingoni, na ukingo unanitisha. Solange amefungua mdomo tena, kuniambia tu kwamba wazee walikataza kuhamisha mti wa mpaka. Wazee hao hawakupata mafunzo ya kimataifa.