Foto Fulgence, Bunia

Jumanne, 9 Septemba 2003
Leo nimekuwa mpiga foto. Binamu yangu Dany alikimbilia Mahagi mwezi wa tano, akaniachia mashine yake ya foto na pelikile moja, yaani filamu. Kufundisha jiografia kumesimama. Shule yetu haina hata milango. Lakini bunduki zimenyamaza, watu wanarudi Bunia, na kila anayerudi anataka foto ya kuwapelekea ndugu wajue yuko hai. Kazi ipo. Shida ni moja: naogopa kumwomba mtu nisiyemjua asimame. Nimezunguka soko saa tatu nzima. Nimepiga kilima. Kilima hakikatai.

Vital, mwenye studio kando ya soko, amepiga watu ishirini mbele ya macho yangu. Wote walicheka. Lazima anawapa kitu.

Jumatano, 10
Mpango! Kupiga watu bila wao kujua. Nilificha mashine ndani ya mfuko wa mkate, nikautoboa tundu, nikapita kwa wauza samaki nikiwaelekezea mkate. Foto kumi na moja, safi kabisa. Kwa ile ya kumi na mbili, mama mmoja aliona tundu. Katika mji huu, mwaka huu, mtu hawaelekezei wenzake tundu. Mstari mzima wa mama ulilala chini kati ya samaki.

Askari wa Umoja wa Mataifa akaniamuru nifungue mfuko. Alikuta mashine na nusu mkate. Akacheka hadi akavua kofia ya chuma, akaomba apigwe yeye. Nikabonyeza upesi kabla sijamlenga. Nadhani nimepiga viatu.

Nikawaomba mama msamaha, mmoja mmoja. Walinisamehe, wakala mkate.

Alhamisi, 11
Vital amekuja nyumbani. Ameniambia taratibu nisalimie kwanza, niongee na mtu, mashine itoke mwisho. Hila ya wazi. Anataka nipoteze siku nzima kuulizia habari za watoto wa watu.

Ninachokosa ni vazi. Régine, mke wangu, amenishonea kizibao cha mifuko minane kwa pazia la sebule. Alisema kinanipendeza, kisha akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Sokoni watu watatu walinisimamisha wenyewe! Wawili waliuliza pazia linauzwa wapi. Wa tatu aliuliza kama lina jozi.

Jumamosi, 13
Kamio ya kutoka Boga, lori la mizigo na watu, ilishusha watu sokoni. Nilikuwa mbele ya meza ya Faida, muuza sombe, yale majani ya muhogo. Aliitazama kamio, akaacha beseni lianguke. Mdogo wake Gentille alikuwa anashuka. Hawakuwa wameonana tangu mwaka jana, na mama yao huko Mahagi alikwisha kumfanyia matanga. Walikamatana.

Mimi niliokota sombe, maana watu walikuwa wanaikanyaga. Nikamsalimia Gentille, nikamuulizia safari, nikamletea maji. Akanieleza alivyoishi kwa mjane mmoja aliyemfundisha kusuka vikapu. Nilisahau kabisa kama nina mashine. Faida ndiye aliyekumbuka.

“Mwalimu, si uko na mashine?” akasema. “Utupige siye wawili. Mama hatakubali barua. Sura ndiyo atakubali.”

Sikupata hata muda wa kuogopa. Nikapiga.

Jumatatu, 15
Vital amenisafishia pelikile. Kilima. Foto kumi na moja za ndani ya mkate. Viatu. Halafu wale wawili: kidole changu kwenye pembe, majani ya sombe kwenye mkono wa Faida, vichwa vimeegemeana, wanacheka huku machozi yanawatiririka. Vital aliitazama kwa muda mrefu. Nami pia.

Foto imekwenda na dereva wa Mahagi.

Jumapili, 21
Jibu limefika. Mama yao amevua nguo nyeusi, ameita majirani, na wamecheza hadi ngoma ikapasuka. Faida na Gentille wametuletea chungu kizima cha sombe. Régine aliimba akiipakua.

Vital naye alikuja kula. Akasema: umeona sasa, ulisalimia kwanza. Nikamweleza kwa upole kwamba ilikuwa mwanga, pamoja na kipaji.

Kesho nafungua mafunzo ya foto, wiki mbili, na diploma mwishoni. Michel na Mumbere, walimu wenzangu, wameshajiandikisha. Somo la kwanza liko tayari: namna ya kumnasa mtu bila kupoteza muda kwa salamu. Vital ameuliza kama anaweza kuja kusikiliza. Nimemkubalia. Atakaa nyuma.